Seli za uzazi za kuku zinapogoma kukua: tafuta chanzo kabla hujabadilisha midia

Mwongozo huu ni wa fundi wa maabara au mwanafunzi anayekuza seli za awali za uzazi za kuku katika mazingira kama ya kwetu Tanga: joto la kaskazi, hewa ya chumvi, mayai ya kienyeji yanayoletwa na bodaboda kutoka Muheza na Pangani, na vitendanishi vilivyosafiri kwa basi kutoka Dar es Salaam kupitia Segera. Maelekezo mengi ya kazi hii yameandikwa kwa maabara za nchi za baridi, ambako yai likilala mezani usiku kucha halibadiliki. Hapa linabadilika, na athari yake utaiona kwenye kisima, yaani kile kitundu cha sahani ya kukuzia seli, siku nyingi baadaye bila kujua imetoka wapi.

Kwa anayeanza: hizi ni seli ambazo kuku akikua ndizo zinazozaa mbegu za jogoo au mayai ya mtetea. Kwa ndege zina tabia ambayo kwa mamalia haipo: kabla ya kufika kwenye tezi za uzazi husafiri ndani ya damu ya kiinitete. Kwa hiyo mtu anaweza kuzichota kwenye tone la damu la kiinitete cha siku mbili na kitu, akazikuza, akazigandisha, akazifanyia utafiti wa jeni, kisha akazirudisha kwenye kiinitete kingine. Mwaka 2006 van de Lavoir na wenzake, Marekani, walionyesha kwamba zinaweza kukuzwa kwa muda mrefu na bado zikatoa vifaranga. Mwaka 2015 Whyte na wenzake wa Taasisi ya Roslin, Uskoti, wakatoa midia, yaani kioevu chenye chakula cha seli, isiyohitaji kutandika seli nyingine chini ili zilishe hizi. Hiyo ndiyo midia wengi tunayoifuata sasa, na mengi ya hapa chini yanaihusu.

Umuhimu wake kwetu si wa kutafuta mbali. Yai la kuku haliwezi kugandishwa likaamka, kiini chake ni kikubwa mno. Mbegu za jogoo zinagandishika kwa shida, na hata zikifaulu hazibebi kromosomu W, ambayo mtetea humrithisha binti yake. Kideri kikiingia kijijini wakati hakuna aliyechanja, kuchi wa miaka mingi na kishingo waliozoea joto la pwani wanaisha ndani ya siku chache. Seli iliyogandishwa kwenye nitrojeni haipati kideri, na inabeba urithi wote wa kuku ilikotoka. Ndiyo maana watafiti wa ILRI (taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo) jijini Nairobi na wenzao wa Roslin wanaifanya kazi hii kwa kuku wa Afrika, na ndiyo maana inauma kuona ukoo wa seli, yaani seli zote zilizokuzwa kutoka kiinitete kimoja, unakufa kwa sababu iliyokuwa inazuilika.

Ninashikilia jambo moja: unachokiona kwenye kisima leo kilianza juzi, na mara nyingi kilianzia nje ya kisima, kwenye yai, kwenye maji au kwenye friji. Kila dalili hapa chini nairudisha nyuma mpaka ilipoanzia. Na ukirekebisha, badilisha kitu kimoja tu kwa wakati, kwa sababu ukibadilisha vitatu seli zikapona hutajua kipi kilichoziponya, na mwezi ujao utarudi palepale.

Damu imetoka vizuri, lakini seli zenyewe hazimo

Hili ndilo tatizo linalowachosha wengi hapa pwani, na mara nyingi chanzo ni kuamini saa. Maelekezo yanasema weka yai kwenye mashine ya kutotolesha kwa saa 50 hadi 56, kisha fungua. Hesabu hiyo inachukulia kwamba yai liliingia mashineni likiwa limelala. Yai lililorutubishwa hulala likiwa kwenye ubaridi, nyuzi joto 20 kushuka chini. Likikaa kwenye nyuzi 30 kiinitete hakilali, kinaendelea kukua polepole na bila mpangilio mzuri. Sasa chukua yai la mwezi wa Februari: limetagwa Jumatatu, limekaa kwenye kapu chini ya kitanda cha mfugaji, limefika maabara Alhamisi. Ukiliweka mashineni saa 54 nyingine unakuta kiinitete kimeshapita, na seli zimeshatoka kwenye damu zikajishikiza kwenye tezi. Au unakuta kimeshachoka na kufa kabla ya kuanza.

Kwa hiyo hesabu somaiti, usihesabu saa. Somaiti ni vile vipande vidogo vilivyopangana jozi kwa jozi pembeni ya uti wa mgongo. Fungua yai, tazama kwa hadubini ya ukuzaji mdogo, taa ikitokea upande mmoja ili vivuli vikusaidie. Unataka hatua ya 14 hadi 16 katika mpangilio wa Hamburger na Hamilton wa mwaka 1951, yaani jozi 22 hadi 28. Kichwa kitakuwa kimegeukia ubavu, moyo unadunda waziwazi. Ukiona vichipukizi vya mabawa na vya miguu vyote vimeshainuka na mkia umeanza kujikunja, umeanza kuchelewa.

Dawa yake iko kwa mfugaji kabla ya kufika kwako. Mwombe aokote mayai mara mbili kwa siku, aandike siku kwa penseli kwenye ganda, aweke kivulini. Kwako yahifadhi kwenye nyuzi 15 hadi 18. Friji ya kawaida ya nyumbani ya nyuzi 4 ni baridi mno kwa yai unalotaka liamke. Yai lililopita wiki moja liache. Na yakishuka kwenye bodaboda usiyakimbize mashineni. Yapange kwenye trei ncha nyembamba ikiwa chini na uyaache yatulie mpaka kesho yake, kwa sababu mtikisiko wa barabara ya vumbi unavuruga kifuko cha hewa na zile kamba za ute zinazoshikilia kiini.

Ikiwa umeshachelewa, usitupe. Liache yai mashineni mpaka siku ya 6 au ya 7, fungua, toa tezi za uzazi zilizolala kando ya figo changa, zivunjevunje taratibu, nazo zitakutolea seli. Ni kazi ya mkono mtulivu zaidi, lakini yai la kuku adimu halipatikani kila siku.

Na kama hatua ilikuwa sahihi na bado huzioni, huenda zimo lakini jicho halijazizoea. Mikrolita moja au mbili za damu ya kiinitete zina seli hizi makumi kadhaa, wakati mwingine mia na zaidi kidogo, katikati ya maelfu mengi ya chembe nyekundu. Chembe nyekundu ya ndege ina kiini cha seli (nyukliasi) katikati. Seli unayoitafuta ni ya duara kamili, kubwa zaidi, mikromita 15 hadi 20, na ndani imejaa punje zinazong'aa, ambazo ni mafuta na glikojeni ilizojiwekea akiba. Ukizungusha kirekebishi cha hadubini mbele na nyuma, punje hizo humeta na kuzimika kwa zamu. Chembe nyekundu hazifanyi hivyo. Mwonyeshe mwanafunzi jambo hilo kwa macho yake mara moja tu, hatakuuliza tena.

Wiki ya kwanza kisima kimejaa damu tupu

Hili si tatizo. Chembe nyekundu zitakufa zenyewe polepole, na seli za uzazi zitaanza kuonekana wazi wiki ya pili, nyingine ya tatu. Kosa linalofanyika hapa ni haraka: mtu anaosha kisima, anazungusha kwenye sentrifuji, anafyonza maji yote. Seli hizi zinaelea, hazishiki chini. Ukifyonza yote unazimwaga na damu. Inamisha sahani, ngoja zitue, chota theluthi moja ya juu, ongeza midia mpya kiasi hichohicho, kila baada ya siku mbili. Kiinitete kimoja kisima kimoja, na namba yake iandikwe kwenye sahani yenyewe, si kwenye mfuniko. Mifuniko hubadilishana.

Seli zimevimba na kupauka, au zimenyauka

Hapa shutumu chumvi. Midia ya seli za binadamu au panya ina ukali wa chumvi wa karibu miliosmoli 280 hadi 300 na zaidi. Midia ya seli hizi hushushwa hadi 250 kwa kuongeza maji safi. Aliyesahau kuongeza maji atapata seli zilizonyauka tangu siku ya kwanza. Aliyeongeza kupita kiasi atazikuta zimevimba na nyingine zimepasuka. Kipimo cha osmolaliti, yaani cha ukali huo wa chumvi, ni mashine ghali, lakini baadhi ya hospitali kubwa zina maabara yenye nayo, na sampuli ndogo tu inatosha. Omba ikupimie kila unapotengeneza chupa kubwa.

Mnyauko unaoanza baadaye, na hasa kwenye visima vya pembeni mwa sahani, ni uvukizi. Watu hushangaa kuambiwa kwamba midia inakauka Tanga, mji ambao nguo zilizoanikwa wakati wa masika hazikauki. Lakini chumba cha maabara kina kiyoyozi, na kiyoyozi hukausha hewa. Inkubeta nayo ikikosa maji kwenye beseni lake la chini inakuwa jiko. Jaza beseni kila wiki kwa maji yaliyochemshwa kwa mvuke wa shinikizo. Visima vya ukingoni visitumike kwa seli, vijaze maji tu.

Seli zinashikana mafundo

Angalia fundo lenyewe kwanza, maana yako ya aina mbili. Kama ni seli hai, za duara, zinazong'aa, zimejikusanya kama zimeshikana mikono na ukipuliza taratibu kwa pipeti zinaachana, chanzo ni kalsiamu. Kama ni utelezi wenye nyuzi unaonata kwenye ncha ya pipeti, hizo ni DNA za seli zilizopasuka, na swali lako linakuwa ni nini kilichozipasua. Rudi kwenye chumvi, au kwenye mkono uliopuliza kwa nguvu.

Kalsiamu inahitaji maelezo. Seli hizi zina protini za kushikana ambazo hufanya kazi pale tu kalsiamu inapokuwa ya kutosha. Midia ya kawaida ya DMEM ina milimola 1.8 kwa lita. Tunayoitaka ina karibu 0.15, chini ya sehemu moja ya kumi. Kwa hiyo hununuliwa DMEM isiyo na kalsiamu kabisa, kisha kalsiamu kidogo huongezwa kwa kipimo. Chupa hizo mbili zinafanana kwa umbo na kwa rangi ya kioevu, na tofauti yake iko kwenye mstari mmoja mdogo wa lebo. Soma lebo wakati unaipokea kwenye boksi, si wakati umeshaifungua.

Sasa maji. Ardhi ya Tanga upande wa Amboni na Kiomoni ni miamba ya chokaa, na maji yanayopita kwenye chokaa hubeba kalsiamu. Anayetumia maji ya kisima upande huo anaijua kwa birika lake: magamba meupe magumu chini yake. Maji hayo yakiingia kwenye mashine iliyochakaa ya kukeneka maji (inayoyachemsha na kukusanya mvuke wake), yenye magamba kwenye kipasha joto, baadhi ya chumvi hurushwa hadi upande wa pili pamoja na matone. Kisha fundi anayatumia kushusha ukali wa chumvi, na bila kujua amerudisha kalsiamu aliyolipia fedha nyingi iondolewe. Safisha mashine kwa siki au asidi ya limao, keneka maji mara mbili, na pima uwezo wa maji kupitisha umeme. Maji ya betri yanayouzwa kwenye maduka ya vipuri yasikaribie kazi hii; ni safi kwa betri, lakini hakuna aliyeyachunguza kwa sumu za bakteria, na seli hizi zinazihisi.

Chanzo cha tatu ni seramu. Seramu ya kuku ina kalsiamu yake. Ukiitumia, asilimia 0.2 inatosha. Mwenye tabia ya kuongeza kidogo ili zishibe anaziletea mafundo.

Kuna pia zile zinazojibandika chini na kujinyoosha, nyembamba zenye ncha mbili. Hizo si za uzazi zilizoasi, ni seli za tishu zilizoingia pamoja na sindano ilipotoboa mshipa. Zikiachwa zitakula chakula chote. Vuna zinazoelea, zihamishie kisima kipya, hao wengine waache hapohapo.

Ziko hai, zinang'aa, lakini haziongezeki

Ukoo uliokwisha kutulia huongezeka maradufu kila baada ya saa 24 hadi 48. Ukiona siku nne zimepita na idadi ni ileile, kuna kitu kimekosekana, na mara nyingi kilikuwepo kwenye chupa lakini kimekufa.

Vichochezi vya ukuaji ndivyo vya kwanza kushukiwa. Midia hii inategemea FGF2, aktivini A na insulini. Insulini hutoka kwenye nyongeza ya B-27. FGF2 ni dhaifu mno kwa joto. Kwenye nyuzi 37 hupoteza sehemu kubwa ya nguvu yake ndani ya siku moja, na heparini iliyomo kwenye midia iko pale pamoja na mambo mengine kuilinda. Sasa fikiria kichupa chake kimetoka Dar asubuhi kwenye boksi lenye barafu mbili, basi likasimama Chalinze, likasimama Segera, likafika jioni, na mtu wa kulipokea akaja kesho. Kinachofika ni kioevu kisafi kisicho na kazi. Hakibadiliki rangi wala harufu kukuonya. Kwa hiyo agiza kikiwa unga mkavu, kwa sababu unga huvumilia safari. Kiyeyushe hapa, kigawe kwenye vichupa vidogo vya matumizi ya mara moja, gandisha. Kichupa kilichoyeyushwa hakirudi kwenye friza. Weka kwenye boksi la safari kipimajoto kinachohifadhi kumbukumbu ya joto la juu kabisa. Ni kitu rahisi na kinamaliza ubishi.

B-27 nayo ina tabia yake: ikishayeyushwa haigandishwi tena, na kwenye friji ya nyuzi 4 itumike ndani ya wiki mbili hivi. Midia iliyokamilika ichanganywe kidogokidogo. Chupa kubwa inayopelekwa kwenye maji moto na kurudishwa friji kila siku inachoka kabla haijaisha. Pasha kiasi unachokitumia tu.

Namna ya kuthibitisha: chukua kisima kimoja chenye seli, kigawe katika visima vitatu sawa. Cha kwanza kipe midia uliyonayo, cha pili midia hiyohiyo yenye FGF2 kutoka kichupa kipya, cha tatu yenye B-27 mpya. Hesabu kwa siku nne. Kila maabara iwe na ukoo mmoja uliozoeleka, unaojulikana kwamba unakua, uliogandishwa kwa wingi, kwa kazi hii tu. Ukoo huo ukikua kwenye midia yako na wa kuchi mpya usikue, basi midia haina kosa. Koo zote mbili zikilala, usilaumu kuku.

Vichochezi vikiwa vizima, angalia msongamano. Seli chache mno kwenye kisima kikubwa huzubaa. Zirudishe kwenye kisima kidogo, zikae karibu karibu. Zikiwa nyingi mno midia huchoka upesi. Na jinsia ina neno lake: kwa kuku jike ni ZW na dume ni ZZ, na katika midia za zamani zilizotegemea seramu nyingi koo za kike zilikuwa ngumu kuzipata. Katika midia mpya za kike hukua, ila usishangae zikichelewa. Pima jinsia kwa PCR (kipimo kinachonakili vipande vya DNA) mapema, kwa sababu ukihifadhi koo za kiume tupu umeiacha kromosomu W nje ya hazina.

Midia imebadilika rangi au imechafuka

Midia yenye kipimarangi cha fenoli ikiwa ya zambarau, gesi ya kaboni haifiki: mtungi umeisha, au mlango umefunguliwa kila dakika. Ikiwa njano na bado ni angavu, seli zimejaa, zigawe. Ikiwa njano na ina ukungu ni bakteria. Nyuzi nyeupe zinazoelea ni kuvu, na wakati wa masika kuvu iko kwenye vichujio vya kiyoyozi, kwenye maboksi ya karatasi, kwenye mapazia. Maboksi yasiingie chumba cha seli. Kisima chenye kuvu mimina dawa ya klorini ndani yake hukohuko, toa sahani nzima, usijaribu kuokoa jirani yake.

Ganda la yai ni mlango mwingine. Lipanguse kwa ethanoli ya asilimia 70 na uliache likauke. Usilioshe kwa maji, maji hubeba vijidudu kupitia vitundu vya ganda.

Maikoplazima ndiyo ninayoiogopa kuliko zote, kwa sababu midia inabaki safi kabisa huku seli zinadhoofika, zinakua leo na kugoma kesho. Penisilini haiigusi, kwa kuwa vijidudu hivi havina ukuta wa seli ambao penisilini huuvunja. Na kwetu ina njia ambayo maabara za kuku wa kizungu waliopimwa hazina: Maikoplazima galisepticum, ile inayowafanya kuku wakoromee na kutoa kamasi, hupita kutoka kwa mtetea hadi ndani ya yai lake. Yai safi kwa nje linaweza kuwa limebeba ugonjwa ndani. Virusi vya lukosisi ya ndege navyo hupita hivyohivyo. Muulize mfugaji kama banda lina kuku wanaokoroma. Kila ukoo mpya ukae kwenye inkubeta ya pembeni mpaka PCR iseme ni safi. Hakuna inkubeta ya pili? Basi saa zake ziwe tofauti: koo safi asubuhi, mpya jioni, na chupa ya midia haishirikiwi.

Umeme umekatika

Usifungue mlango. Inkubeta iliyofungwa hutunza joto na gesi kwa muda, na seli hizi zinavumilia kupoa kidogo kuliko zinavyovumilia kupashwa kupita kiasi. Hatari iko umeme unaporudi: baadhi ya mashine hupandisha joto kupita alama kabla ya kutulia, na kiyoyozi kikichelewa kuwaka chumba chenyewe kimeshakuwa na nyuzi 33. Betri na inveta ziwekwe kwanza kwenye friza ya vichochezi, kisha kwenye inkubeta. Tangi la nitrojeni halihitaji umeme bali kujazwa. Pima kina kwa kijiti kila wiki. Chumba chake kiwe na madirisha wazi, gesi yake husukuma hewa nje na mtu huanguka bila kuhisi dalili.

Nimeyeyusha kichupa, zote zimekufa

Uliza zilivyogandishwa. Zinatakiwa kushuka karibu nyuzi moja kwa dakika, kwenye DMSO (kemikali inayokinga seli dhidi ya barafu) ya asilimia 5 hadi 10, usiku mmoja kwenye nyuzi -80, kisha kwenye nitrojeni. Vichupa vilivyoachwa kwenye -80 miezi mingi huzeeka. Wakati wa kuyeyusha fanya haraka: maji ya nyuzi 37, mpaka kibaki kipande kidogo cha barafu, kisha ongeza midia tone kwa tone na uondoe DMSO. Zipe siku tatu kabla ya kuhukumu. Zilizogandishwa zikiwa dhaifu zitaamka dhaifu, kwa hiyo gandisha zikiwa kwenye kasi, si siku unapoona zinaanza kukushinda.

Zinakua vizuri. Je, ni zenyewe?

Seli zinazokua bila tatizo lolote nazo zichunguzwe. Zipakwe kingamwili zinazotambua protini mbili za seli za uzazi: DAZL na Vasa, ambayo kwa kuku huitwa CVH. SSEA-1, alama ya juu ya seli, huonekana pia, ila haitoshi peke yake. Ushahidi mzito ni safari: zitie alama ya protini inayong'aa kijani, chomeka seli elfu moja hadi elfu chache kwenye mshipa wa kiinitete cha hatua ya 15 au 16, na baada ya siku kadhaa tazama kama zimefika kwenye tezi za uzazi. Seli ya uzazi inaijua njia. Kwa alama hiyo, kama kwa uhariri wowote wa jeni, vibali vya usalama wa viumbe vinavyotakiwa kisheria viwe mkononi kabla ya yai kufunguliwa.

Vifaranga wametotolewa, lakini uzao wa kuku tuliyemhifadhi hauonekani

Kiinitete mpokeaji kina seli zake mwenyewe, nazo zinashindania nafasi. Mwaka 2019 kundi la Roslin lilionyesha watetea waliozimwa jeni ya DDX4 (ndiyo jeni ya Vasa iliyotajwa juu), wasio na mayai yao, ambao walitaga mayai yatokanayo na seli za kigeni tu. Asiye na kuku wa namna hiyo atapata mchanganyiko, na uzao unaotafutwa utakuwa mchache.

Kwa kishingo kuna kipimo kisichohitaji mashine. Jeni ya shingo wazi hujitokeza hata ikiwa nakala moja. Chukua jogoo mpokeaji mwenye manyoya kamili, mpandishe kwa watetea wenye manyoya kamili. Kifaranga atakayetoka shingo wazi, akiwa na kishada kidogo cha manyoya mbele ya shingo juu ya gole, ametokana na seli ulizochomeka, na kishada hicho kinakuambia ana nakala moja. Lakini kumbuka kishingo uliyemchota damu: kama mwenyewe alikuwa na nakala moja, nusu tu ya uzao wa seli zake ndiyo itakayoonyesha, na nusu nyingine itapita ikiwa na manyoya kama ya kuku wengine. Totolesha mayai ya kutosha na uwapime kwa PCR hata wale wenye shingo ya manyoya kabla hujaandika kwenye daftari kwamba ukoo umeshindwa.